Stuli za zamani au za kisasa? Sebule ya Nyanda za Juu Kusini ina masharti yake

Kwa miaka mingi stuli ya zamani, ile meza ndogo ya kumtengea mgeni, ilikuwa ya kusukumwa stoo mara tu sofa mpya zinapoingia. Sasa mambo yamegeuka. Wako vijana wanaoanza maisha Iringa na Mbeya wanaoulizia zile stuli za bibi, zenye miguu inayochongoka kuelekea chini, na wako wanaoona kuzirudisha sebuleni ni ushamba wakati madukani kumejaa meza nyembamba za chuma na kioo. Pande zote mbili zina hoja. Ila naona watu wanabishania sura, wakati kinachoamua ni mbao, viungo na kimo.

Tuanze na kazi yenyewe. Kwenye picha za sebule za Ulaya na Marekani, meza ya pembeni ya sofa hubeba taa, kitabu na pengine chombo cha maua. Kwetu taa iko darini, na stuli ni ya mgeni. Akishakaribishwa anavutiwa stuli mbele yake, inatua chai, baadaye sahani ya wali au ugali. Meza inayokaa pembeni mwaka mzima bila kuguswa na stuli inayoburutwa kila siku haziwezi kupimwa kwa vigezo vilevile.

Nguvu ya stuli ya zamani iko kwenye mbao. Nyingi zilichongwa kwa mninga, nyingine kwa mvule au mkongo. Mninga ni mti wa miombo, kwetu tunauhesabu wa upande wa Chunya, na hukua polepole kiasi kwamba unaovunwa leo huenda ulichipua kabla ya uhuru. Sifa yake kubwa ni kwamba ukikauka husinyaa kidogo sana kuliko miti mingi. Ndiyo maana stuli ya miaka ya 1960 bado imenyooka. Kuupata mpya kihalali kunataka kibali cha kuvuna na cha kusafirisha kutoka TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na bei yake inajulikana kwa kila aliyewahi kuagiza kitanda. Anayetumia stuli ya zamani anapata mbao hiyo bila mti mwingine kuangushwa.

Halafu kuna viungo. Fundi wa zamani alichimba tundu kwa patasi, akachonga ulimi, akauingiza kwa gundi. Kiungo cha namna hiyo kikilegea kinagongwa kikaachia, kinasafishwa, kinapakwa gundi mpya, maisha yanaendelea. Meza ya chipbodi iliyofungwa skrubu haina bahati hiyo: tundu likishapanuka, skrubu haishiki tena, hata uweke njiti za kiberiti.

Lakini mapenzi ya vitu vya kale yasitufumbe macho. Kabla hujalipa, pindua stuli miguu juu. Ukiona vitundu vidogo vya duara, gonga kidogo. Ukidondoka unga laini, wadudu bado wamo, na ukiiingiza ndani unawakaribisha kwenye fremu za milango na mbao za dari. Mara nyingi hukaa kwenye mbao nyeupe ya pembezoni, si kwenye moyo mwekundu wa mninga. Inatibika kwa dawa ya mbao, ila itibiwe nje, si sebuleni.

Upande huohuo wa chini ndiko unakojua kama umeuziwa kitu cha zamani kweli au paini ya juzi iliyopakwa rangi ya mninga. Paini ni nyepesi, ina macho ya matawi, na ukiinusa mahali pasipo na vanishi bado utasikia utomvu. Kama stuli ina rangi ya mafuta ya zamani, usiipige msasa mkavu ndani ya nyumba. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Fanyia nje, ukiwa umelowesha.

Ukanda huu una msitu mkubwa wa kupandwa wa Sao Hill kule Mufindi, kwa hiyo stuli mpya za mbao hapa mara nyingi ni za paini. Paini inasemwa vibaya kupita kiasi. Ikiwa imekauka vizuri inatoa stuli nyepesi, safi, ambayo mtoto anaweza kumsogezea mgeni bila kukwaruza vigae. Tatizo ni haraka. Mti ulikuwa umesimama mwezi uliopita, leo mbao imefika kwa fundi kutoka Mafinga, kesho ni stuli. Mbao ya inchi moja iliyopangwa kivulini, na vipande vya papi, yaani vijiti vyembamba vya mbao, katikati ili hewa ipite, inataka wiki kadhaa. Mwulize fundi imekaa muda gani. Akianza kukueleza habari za vanishi, jibu umeshalipata.

Na hali ya hewa yetu haina huruma. Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Iringa mjini haifikii hata nusu yake. Mbao hupanuka na kusinyaa kwa upana, si kwa urefu. Uso wa paini wenye upana wa sentimita 40 unaweza kucheza milimita 3 hadi 4 kati ya masika na kiangazi cha upepo mkavu. Uso ukiwa umepigiliwa misumari pande zote hauna pa kwenda, unapasuka. Mafundi wazuri, wa zamani na wa sasa, huushika kwa chini na kuuachia nafasi ya kucheza. Kwa hiyo stuli iliyohama na mwenye nyumba kutoka Tukuyu kwenda Iringa ikipasuka, usikimbilie kulaumu umri wake.

MDF, ule ubao wa kiwandani wa unga wa mbao, haichezi hivyo, na kwa uso uliofunikwa vizuri ni nyenzo halali kabisa. Adui yake ni deki. Maji ya ndoo yanafika kwenye ncha za miguu, unga ulioshindiliwa unavimba, na ukishavimba haurudi. Bandika raba chini ya miguu siku ya kwanza. Stuli ya skwea paipu, lile bomba la chuma la pembe nne, iliyochomelewa haina shida hiyo, japo kioo juu yake kinataka kufutwa kila mgeni akiondoka. Wapo pia wanaopenda uso wa jiwe la travetino, ambalo bonde la Songwe linalo kutokana na chemchemi zake za moto. Ni zuri, ni zito, na limau au soda vinalila.

Kimo ndicho watu wengi husahau. Uso wa stuli uwe sawa na mkono wa sofa au chini yake kwa kama sentimita 5; kwa sofa nyingi hiyo ni sentimita 50 hadi 60 kutoka sakafuni. Kwa sofa za kona zilizokaa chini, stuli ndefu ya zamani inaweza kusimama juu ya mkono, na mgeni anainua kiwiko kama anayetaka kuuliza swali darasani. Miguu iliyonyooka unaweza kuipunguza. Iliyotanuka inataka kukatwa kwa pembe, na fundi mzembe atakuachia stuli inayoyumba.

Mpangaji anayehamahama, mimi ningemshauri achukue mpya, nyepesi, zile zinazoingia moja chini ya nyingine. Aliyetulia kwake aweke mbili za mninga pembeni mwa sofa, kazi ya kuburutwa zifanye za paini. Na aliyerithi seti ya stuli nne zikabaki tatu asimwagize fundi ya nne ya kuigiza, maana mninga mpya hautafanana rangi na wa miaka 50. Atengeneze ya paini, kimo kilekile, aipake nyeusi tii.