Nyota na reli kwenye muhtasari wa kikundi

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Uyole tunabishana kuhusu muhtasari wa vikao, mimi katibu nauandika kwa Markdown, yaani maandishi ya kawaida yenye alama chache, kwenye simu, mweka hazina anataka Word basi. Na kusema kweli wote tuna hoja.

Markdown aliitoa John Gruber, Mmarekani, mwaka 2004. Unaandika maneno ya kawaida halafu alama chache zinasema kipi ni kipi, reli (#) mwanzo wa mstari ni kichwa cha habari, nyota mbili kila upande neno linakolea, kistari ni orodha. Nyota na reli huku kila mtu anazijua tangu enzi za vocha za kukwangua, huna haja ya kumfundisha mtu siku mbili. Faili lenyewe ni KB chache, mwenzetu wa kule Isyonje mtandao ukisuasua bado linamfikia, na hata kama simu yake haina programu yoyote ya maana anasoma vilevile. Kwangu hilo ndo kubwa kuliko yote, maana la Word kwenye simu ndogo mara ligome kufunguka mara lifunguke limevurugika.

Ila mweka hazina hajakosea. Mwezi uliopita nimeandika tangazo michango itumwe kwa M-Pesa, *150*00#, nikageuza PDF nikaprinti nikabandika, kumbe programu imezichukua nyota zangu kama alama za kulaza maandishi, ikatoka 15000#, mama mmoja akajua mchango umepanda hadi elfu kumi na tano! Ilitakiwa kila nyota itanguliwe na mkwaju wa kinyume, hivi \*150\*00#, sasa nani anakumbuka hayo saa nne usiku. Mahudhurio nayo, unapanga majina kila moja mstari wake, yanatoka yamegandana aya moja kama hukuweka vistari mbele. Halafu WhatsApp nyota moja inakoleza, Markdown nyota moja inalaza, aliyezoea huku lazima akosee kule.

Jedwali la marejesho ndo usiseme. Markdown ya mwanzo haikuwa na majedwali kabisa, wengine waliongeza baadaye kwa mistari ya wima, na kwenye simu ukiwa na wanachama 30 macho yanauma kabla hujafika nusu, hata anayesoma haoni kitu. Hapo nimemkubalia, hesabu ziende Excel. Maneno ya kikao nabaki nayo kwenye Markdown, na namba za kutuma hela nazisoma kwanza kwenye PDF ndo nabandika.