Eti Safari ya Peke Yako

Mpwa wangu wa Dar es Salaam kanirushia picha asubuhi hii, chai haijapoa hata kidogo. Barabara ya lami, mvua, bahari kulia, miti ya kutisha kushoto, na mtu mmoja tu ndani ya gari. Chini kaandika: "Mjomba, safari ya peke yako inatuliza roho. Kigoma mna ziwa, misitu na mvua. Unangoja nini?"

Nangoja nini! Anauliza hivyo mtu ambaye nauli ya kuja huku namtumia mimi.

Bando lilikuwa limeshaliwa, kwa hiyo nikasoma na maelezo. Hiyo barabara ni ya 101, inafuata pwani ya magharibi ya Marekani: Washington, Oregon, California. Huko juu kuna msitu wa Hoh unaopata mvua ya zaidi ya mita 3 kwa mwaka. Sisi tunapata kama mita moja hivi na inatutosha kabisa, ahsanteni. Huko chini kuna miti inaitwa redwood. Mmoja, Hyperion, una karibu mita 116, mrefu kuliko miti yote duniani, na tangu 2022 ukikamatwa umeusogelea ni faini hadi dola 5,000 na kifungo hadi miezi sita. Yaani mtu anaendesha kutwa kwenye mvua kwenda kutouona mti. Mwingine, pale Leggett, umetobolewa shina. Unalipa kiingilio, unapitisha gari katikati. Huku kwetu mti ukikutana na gari, mti ndio umelala barabarani, na wa kulipwa ni wenye mapanga.

Haya, tuje kwenye pwani yetu. Ziwa Tanganyika lina urefu wa zaidi ya kilomita 670 na kina cha karibu mita 1,470. Pwani haijakosekana. Imekosekana barabara ya kuifuata. Gombe? Acha gari, nenda Kibirizi, panda boti. Mahale? Ndani ya hifadhi hakuna barabara, sokwe wanafuatwa kwa miguu. Mwenye gari anabakiwa na njia ya Simbo: unavuka mto Malagarasi pale Ilagala, unashuka kusini kuelekea Sigunga na Kalya, ziwa likiwa kulia kwako. Utaliamini tu. Mvua ikikaza huoni hata boneti.

Na hiyo "peke yako" inaishia hapohapo mtaani kwangu Mwanga, getini. Gari lenye viti vitupu halitoki mtaani. "Shemeji, nasikia unapita Ilagala, kuna kamzigo kadogo." Kamzigo kenyewe ni gunia la unga wa muhogo na dumu la mawese la lita 20, mfuniko umepotea, wamefunga nailoni na mpira. Mawese yakimwagika kwenye kiti, uza gari.

Sasa tope. Tope jekundu la mlimani linateleza lakini lina chini. Lile jeusi la mbugani halina chini. Likilowa linavimba, linajaa kwenye kashata za tairi mpaka tairi mpya inakuwa kipara. Dawa ni kuingia na gia ya pili, mwendo uleule, usukani umenyooka, mguu usichezecheze kwenye mafuta. Mwenye otomatiki aweke 2 au L. Wengi wakiliona shimo wanafunga breki katikati. Gari linaguna, linakaa.

Hujazima injini, wameshafika. Wametokea wapi? Hakuna nyumba, hakuna shamba, ni mvua tu, lakini vijana sita wamesimama na jembe, panga, ubao wa mninga, na mmoja kashika mwavuli wenye kitambaa upande mmoja. Huyo wa mwavuli ndiye mwenyekiti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Poleni na safari."

Poleni! Niko peke yangu na magunia. Tunajibizana habari za nyumbani, za kazi, za watoto, za mvua hukohuko mlikotoka, na gari linazidi kuzama, maana huku salamu haikatwi kwa sababu ya dharura. Kisha mwenyekiti anazunguka gari, mikono nyuma, anainama, anachungulia.

"Mzee, tumbo limelala."

"Naona."

"Tumbo likilala bei siyo ya kusukuma. Ni ya kunyanyua."

Kumbe kuna bei. Kusukuma elfu kumi, kunyanyua elfu ishirini na tano. Ushauri ni bure, ila ukiutumia unalipia. Sasa mtu mzima, shati limepigwa pasi, miwani puani, utakubali? Unasema kwa sauti ya mkutano: "Ahsanteni vijana, nitajitoa mwenyewe." Wanasogea chini ya mti kwa heshima zote. Hakuna anayecheka. Hilo ndilo linaloumiza. Unakanyaga mafuta, tairi zinazunguka, gari linashuka vidole vinne.

"Elfu thelathini, mzee," anasema taratibu. "Kina kimeongezeka."

"Kina nimekiongeza mimi!"

"Ndiyo maana tunakudai wewe."

Lakini kazi wanaijua, tusidanganyane. Hawachimbi nyuma ya tairi. Wanachimba mbele, kijiteremko cha kutokea, urefu wa hatua moja. Tope la chini ya tumbo linakokotwa kwa jembe mpaka mkono upite. Jeki haikanyagi tope, itazama yenyewe kabla haijanyanyua kitu; inakaa juu ya ule ubao. Tairi ikiinuka wanashindilia matawi chini yake, yamekingama, kwa sababu yakilazwa kwa urefu tairi inayachomoa na kumchapa aliye nyuma. Upepo wa tairi wa psi 32 unashushwa hadi 18. Ukipita chini ya 15 tairi inaweza kuvuka rimu, na hiyo nayo ina bei yake. Kamba inafungwa kwenye kitanzi cha chesisi kule chini, siyo kwenye bampa, labda kama unataka bampa irudi Mwanga ndani ya buti. "Haya mzee, taratibu. Taratibu. TARATIBU MZEE!"

Limetoka. Hapo ndipo unagundua aliyekuwa anasukuma tairi la kulia kwa bidii zote alikuwa anangoja lifti. "Nashukia Sigunga tu." Yeye na mbuzi.

Na upepo wa kurudisha kwenye tairi? Wanayo pampu ya baiskeli. Elfu moja kila tairi.

Halafu kuna mtu atasema, si lile shimo lizibwe. Linazibwa! Kila mwaka kifusi kinamwagwa juu ya dimbwi, mvua inakuja, kifusi kinahamia ziwani. Jamani, barabara isiyo na mfereji ni mto! Inua tuta katikati maji yagawanyike pande mbili, chimba mifereji, laza kalavati pale maji yanapotaka kukatisha, ndipo ulete changarawe. Maji kwanza, changarawe baadaye. Hili nalo linataka shahada?

Maji yakikatisha njia, shuka upime kwa fimbo. Yakizidi nusu ya rimu, geuza. Likizima ndani ya maji usipige stata. Injini ikishameza maji, stata inaweza kupindisha konrodi, vile vyuma vya pistoni.

Na ukishika njia nyingine, ile ya misitu ya miyombo, Uvinza kwenda Mpanda, vioo vinaingia ukungu. AC ingeukausha, lakini AC nani anayo inayofanya kazi? Fungua kioo kidogo, wanaingia mbung'o. Wanafuata chochote kikubwa kinachotembea, wanapenda bluu na nyeusi, wanauma juu ya jinzi. Gari bluu, suruali nyeusi, hapo umewaandikia mwaliko. Kwa hiyo unafunga vioo, unafuta kwa kitambaa, mbuzi anapumua, ukungu unarudi.

Waipa nazo mpira ulishakwisha upande wa dereva. Usinunue mkono mzima, nunua mpira peke yake, chomoa wa zamani kwenye vile vibanio, ingiza mpya, kata unaozidi kwa wembe. Duka likiwa limefunga, hamishia ule wa upande wa abiria. Ni mfupi kidogo, utaacha mstari pale juu. Abiria hataona mbele, lakini abiria hajalipa nauli.