Kiingilio ni Shilingi Ngapi?

Kwanza nieleweke: sikwenda kuposa. Anayewasambazia kwamba nimekwenda Unguja kuposa na kaptula ni yule yule aliyebaki Forodhani na bakuli lake la urojo akaniambia, "Zunguka tu, Mji Mkongwe mdogo huo, hupotei."

Nilitaka kuingia Beit al-Ajaib, lile jumba la makumbusho. Nikakuta imefungwa, si mnajua sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Basi nikazama vichochoroni kujitafutia makumbusho mengine. Kufika Hurumzi, ramani ya simu ikachanganyikiwa, na mwenye simu naye. Kijiweni Jaws Corner nilitokea mara kwa mara, hadi wazee wa kahawa wakawa wananiuliza habari za toka asubuhi.

Ndipo nikauona mlango. Mbao imechongwa maua, misumari ya shaba inang'aa, uko wazi, viatu vimejaa kizingitini. Nikasema hapa ndipo. Nikavua ndala, nikaingia, simu juu, narekodi.

Ndani zulia jekundu, wazee wa kanzu na kofia wamekaa pande mbili wakitazamana. Kimya. Nikawaza, aisee, hawa wamewekwa waonyeshe maisha ya zamani! (Msicheke, bado.) Nikakaa upande wenye nafasi, magoti nje. Mzee wa upande wa pili akaweka kikombe chini taratibu. Akanitazama. Akayatazama magoti. Akanirudia usoni.

"Haya, tunawasikiliza wenzetu. Nani msemaji?"

Hakuna aliyejibu. Mimi nikajua ni zamu ya wageni kuuliza maswali. Nikanyoosha mkono. Jamani, mkono kabisa, na kidole.

"Shikamoo mzee. Kiingilio hapa ni shilingi ngapi?"

Kijana aliyekaa ubavuni mwangu akapaliwa na kahawa. Mzee mmoja akajifunika uso kwa leso, mabega yanamcheza. Nyuma ya pazia wanawake wakaangua kicheko, wakakizima, kikawashinda tena. Mzee wangu hakucheka. Akasema kwa upole:

"Mwanangu, hilo la shilingi ngapi ndilo lililotukalisha hapa."

Nikatoka. Nikaondoka na ndala moja ya mtu, kijana akanikimbiza mpaka nikairudisha, akanifikisha Darajani akicheka njia nzima.

Rekodi ninayo, na siitumi, msiniombe. Ila kama kuna mtu wa Hurumzi humu, anisaidie: mwishowe walikubaliana ngapi?