Kipimo chanya baada ya dawa si lazima kimaanishe usugu

Makala ninayoijibu hapa inaeleza vizuri viashiria vya kibiolojia (vitu mwilini vinavyoonyesha ugonjwa) vya malaria na kifua kikuu, lakini inakosea inaposema kwamba mtu anayepimwa na kukutwa chanya wiki moja baada ya kumaliza dawa mseto ya malaria ana vimelea sugu. Vipimo vingi vya haraka hapa Dar es Salaam, iwe Mbagala au Tegeta, hunasa protini ya HRP2 inayozalishwa na kimelea cha malaria Plasmodium falciparum, na protini hiyo huweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea wenyewe kufa. Mgonjwa wa namna hiyo achunguzwe kwa hadubini kabla ya kubadilishiwa dawa, maana duka la dawa la mtaani humuuzia dozi nyingine bila maswali.

Upande wa pili, ambao mwandishi hakuugusa, ni vimelea vilivyopoteza jeni ya kutengeneza HRP2. Viliripotiwa kwanza Peru mwaka 2010, kisha vikaonekana Eritrea na Ethiopia. Huko mtu huweza kuumwa malaria kweli huku kipimo kikisema hana.

Kuhusu kifua kikuu, kipimo cha mkojo kinachotafuta LAM, sehemu ya ukuta wa bakteria, huwafaa hasa watu wenye VVU ambao kinga yao imeshuka sana na wanashindwa kutoa makohozi. Majibu hasi ya kipimo hicho hayatoshi kuuondoa ugonjwa.