Maruge na kambi ambayo hatukuonyeshwa

Filamu nyingi siku hizi huanza na sentensi moja fupi: kisa hiki kinatokana na matukio ya kweli. Ikishapita kwenye skrini, tunatazama kwa jicho jingine. Tukiona mtu analia, tunaamini alilia. Tukiona mtu anasaliti wenzake, tunatoka ukumbini tukimchukia yeye mwenyewe, si mwigizaji, na chuki hiyo inaweza kudumu miaka ishirini. Ndiyo maana filamu hizi nazidai mambo ambayo siidai hadithi ya kubuni.

Mazungumzo ya kutungwa hayanisumbui. Hakuna aliyerekodi maneno ya mume na mke jikoni mwaka 1952, na maisha ya miaka themanini hayaingii katika saa mbili bila kubanwa. Walimu watatu wakiunganishwa kuwa mmoja, naelewa. Ninachokataa ni lawama au sifa ya mtu kuhamishiwa mwingine. Nakataa pia kipande cha maisha ya mtu kikatwe kwa sababu kitawakosesha raha watazamaji, kisha kilichobaki kiuzwe kama ndiyo maisha yake.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa hapa kwetu. Kimani Ng'ang'a Maruge alijiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, Januari 2004, akiwa na miaka 84, mwaka mmoja baada ya serikali ya Kibaki kuondoa karo katika shule za msingi. Wengi wetu tunaikumbuka ile picha: mzee mwenye sweta ya buluu, kaptura na soksi ndefu hadi magotini, amebanana na watoto ambao angeweza kuwa babu wa wazazi wao. Alisema anataka kujisomea Biblia, ajue kama wahubiri wanasema kweli, na ajue kuhesabu pesa zake. Mwaka 2005 alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akaenda New York kuitetea elimu ya bure mbele ya Umoja wa Mataifa.

The First Grader, filamu ya maisha yake iliyotoka mwaka 2010, iliongozwa na Mwingereza, Justin Chadwick. Maruge aliigizwa na Oliver Litondo, ambaye watu wazima wa Nairobi walimfahamu tangu enzi zake za kusoma habari kwenye runinga. Kazi ya Litondo naiheshimu sana. Hamfanyi mzee yule kuwa kichekesho hata mara moja, na ingekuwa rahisi. Filamu inaweka uzito mkubwa kwenye barua ya serikali ambayo mzee anataka kuisoma mwenyewe, na kupitia barua hiyo inaturudisha kwenye kambi za kizuizini za miaka ya hamsini, kwenye mateso ya wapiganaji wa Maumau. Hapo sina ugomvi. Mateso yale yalikuwepo. Juni 2013 serikali ya Uingereza yenyewe ilitangaza fidia ya pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Kwa watazamaji wengi wa Ulaya, ile filamu huenda ndiyo iliyokuwa mara yao ya kwanza kusikia habari hizo.

Lakini nilipoitazama pamoja na shangazi yangu, kwake Githurai, nilijifunza kitu. Shangazi aliishi Eldoret hadi Januari 2008. Alitazama kimya mpaka mwisho, mikono ameikunja kwenye leso, hata chai yake ikapoa. Majina yalipoanza kupita akaniuliza, "Na kambi je? Mbona hawajaonyesha kambi?"

Nikafikiri ameuliza kuhusu kambi za mkoloni, nikamwambia zimeonyeshwa. "La, mwanangu," akasema. "Ile yetu."

Maana Maruge naye alikuwa mkimbizi wa ndani. Machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007 yalimkuta Eldoret, mali yake ikaibwa, akaishi kwenye hema. Aliendelea kutembea kilomita kadhaa kutoka kambini hadi shuleni, na alikuwa anakaribia miaka tisini. Baadaye mwaka huo wa 2008 alihamia Nairobi, katika makao ya wazee, akaendelea na masomo hapa mjini. Alifariki hapa Nairobi Agosti 2009. Hadithi ya filamu inakoma kabla ya hayo. Dokezo la ukabila limo, ila kile kisu chenyewe hakimo.

Mtu ataniambia kila filamu lazima ikome mahali. Ni kweli, na anayechagua mahali hapo ni mwongozaji. Kukomea kwenye ushindi kulifanya maovu yote makubwa ya maisha ya Maruge yawe yametendwa na mkoloni, zamani, na wanaume ambao hatutawahi kukutana nao. Maovu ya pili yalitendwa na watu ambao shangazi aliwajua kwa majina. Mwaka 2010 vidonda vile vilikuwa vibichi, na ninaelewa kwa nini mtayarishaji hakutaka kuvigusa. Hata hivyo naamini Maruge akitoka kwenye hema na daftari lake ni shujaa mkubwa zaidi kuliko Maruge akipigiwa makofi.

Kuna kosa la upande wa pili pia, la kuongeza chumvi. Mwaka 1981, miaka miwili tu baada ya Idi Amin kutimuliwa, ilitoka Rise and Fall of Idi Amin, filamu ya mtayarishaji wa hapa Kenya, Sharad Patel. Amin aliigizwa na Joseph Olita, Mkenya aliyefanana naye kiasi kwamba hadi leo kuna watu wanaoona sura ya Olita wakisikia jina la Amin. Filamu ile ilimwonyesha akila nyama ya binadamu, tuhuma ambayo haijawahi kuthibitishwa. Kwa nini kuiongeza? Utawala wa Amin unakadiriwa kuua watu hadi 300,000. Mtu akigeuzwa zimwi, hatuulizi tena ni nani aliyempa bunduki, wala kwa nini Uingereza iliharakisha kumtambua mara tu alipompindua Obote mwaka 1971.

The Last King of Scotland ya mwaka 2006 ilikwepa uzimwi huo, na Forest Whitaker alistahili Oscar yake. Lakini daktari kijana wa Uskoti tunayemfuata humo hakuwahi kuwepo. Alitoka katika riwaya. Kay, mke wa Amin, alikuwepo. Alikufa mwaka 1974 na mwili wake ukapatikana umekatwa vipande. Filamu ilichukua kifo hicho cha kweli ikakipa chanzo cha kubuni, mapenzi kati yake na yule daktari wa riwaya. Marehemu hawezi kushtaki kwa kuharibiwa jina, hata mahakama zetu zinajua hivyo. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kumchunga zaidi.

Hotel Rwanda, ya 2004, inaonyesha jambo hili linaweza kufika wapi. Filamu ilimfanya Paul Rusesabagina, meneja wa Hôtel des Mille Collines ya Kigali wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, kuwa shujaa wa dunia; mwaka uliofuata Rais Bush akamvisha nishani ya juu kabisa ya raia wa Marekani. Baadhi ya manusura waliolala kwenye korido za hoteli hiyo walipinga, wakasema aliwatoza pesa na kwamba walinzi wa Umoja wa Mataifa walisahauliwa. Rusesabagina akaingia siasa za upinzani. Agosti 2020 alijikuta Kigali baada ya kupanda ndege Dubai akidhani anaelekea kwingine, na Septemba 2021 alihukumiwa miaka 25 kwa makosa ya ugaidi, kisha akaachiliwa Machi 2023. Katika mabishano yote hayo watu walikuwa wakirudi kwenye filamu. Waliomtetea walimtetea shujaa aliyeigizwa na Don Cheadle. Waliomshambulia walikuwa wakijaribu kuivunja filamu ndipo wamfikie mtu. Kama tangu mwanzo muswada ungewapa nafasi wale waliokuwa naye hotelini na hawakumwona shujaa, sidhani kama filamu ingekosa nguvu. Binadamu anaweza kuokoa watu na kuwatoza pesa wiki hiyo hiyo.

Kwa hiyo inawezekana kufanya vizuri? Sam Soko alifanya, katika Softie ya mwaka 2020, filamu ya hali halisi kuhusu mwanaharakati Boniface Mwangi na kampeni yake ya ubunge wa Starehe mwaka 2017. Anayeuliza maswali magumu humo ni mkewe, Njeri, aliyelazimika kuondoka nchini na watoto kwa sababu ya vitisho. Swali la kama nchi inastahili kuja kabla ya familia linabishaniwa nyumbani kwao, na Mwangi hashindi kila mara. Alikubali tumwone hivyo. Hiyo ni heshima kwake na kwetu.

Nao wanaotulinda dhidi ya ukweli wanazidisha tatizo. Bodi ya kuainisha filamu ilipiga marufuku The Wolf of Wall Street Januari 2014, na Septemba 2021 ikapiga marufuku I Am Samuel, filamu ya hali halisi ya Pete Murimi kuhusu Mkenya anayempenda mwanamume mwenzake huku akitafuta kukubaliwa na baba yake mchungaji. Unaweza kutokubaliana na maisha ya Samuel. Lakini yeye ni mtu halisi, mzaliwa wa nchi hii, na kuifungia filamu hakumfanyi asiwepo.

Mimi ninayoingoja ni filamu ya Tom Mboya, waziri wa Kenya aliyeuawa akiwa bado kijana kisiasa. Alipigwa risasi Jumamosi, Julai 5, 1969, akitoka duka la dawa kwenye barabara ambayo sasa ni Moi Avenue, hatua chache kutoka ilipo sanamu yake leo. Nahashon Njenga alinyongwa kwa mauaji hayo, na anasemekana kuuliza kwa nini hawamtafuti yule mkubwa. Waandishi wa filamu wa Nairobi huniambia hapo ndipo wanapokwama: wakimtaja mkubwa watakuwa wamebuni, wasipomtaja wataitwa waoga. Sioni kwa nini wakwame. Swali lilibaki wazi, basi filamu iliache wazi. Na waanze mbali na siku ile, waanze Septemba 1959, wanafunzi 81 wakipanda ndege kwenda vyuo vya Marekani kwa pesa alizozunguka kuchangisha Mboya. Au waanze na mkewe, Pamela, binti wa Walter Odede aliyezuiliwa na mkoloni wakati wa hali ya hatari. Pamela alirudi kutoka masomoni Ohio, akaolewa na Mboya, na alikuwa bado kijana alipoachwa mjane na watoto wadogo. Hapo hakuna haja ya kubuni muuaji.