Tyuna yako haijafa, haina antena tu

Niseme wazi mapema: tyuna nyingi za zamani zinazotupwa hapa Tanga kwa maelezo ya "FM imekufa" hazijafa, zimenyimwa antena. Mtu anairithi kwa babu yake au ananunua mtumba kule Ngamiani, anaifuta vumbi, anaichomeka kwenye ampli, anazungusha kitasa mwanzo mpaka mwisho anasikia shiii tu, basi anaipandisha juu ya kabati iwe pambo kwa sababu sura yake nzuri, ama anampelekea fundi aitibu ugonjwa ambao haina. Roho inaniuma kila nikiona hivyo maana hivi vitu navipenda sana na vipya vyake havitengenezwi tena kwa namna ile.

Kwa ambaye hajawahi kuishika, tyuna sio redio kamili. Haina spika, haina ampli ndani, kazi yake ni moja tu: kushika kituo na kukitoa kikiwa safi kupitia zile waya mbili za nyuma, mengine wafanye wengine. Na kwa sababu kazi ni moja, waliozitengeneza miaka ya 1970, kina Pioneer, Sansui, Kenwood na Yamaha, waliimalizia akili yao yote hapo. Ukifungua kifuniko (chomoa umeme kwanza tafadhali) utaona kondensa ya kuzungusha, vibati vyembamba vimepangwa safu, ukigeuza kitasa vinaingia katikati ya vingine kama vidole vya mikono miwili bila kugusana hata kidogo. Kuna uzi unaozunguka magurudumu madogo mpaka kwenye mshale, na nyuma ya kitasa kuna gurudumu zito, ndio maana ukikisukuma kinateleza chenyewe mshale unakimbia kutoka 88 mpaka 108. Kwenye tyuna za huku pwani utakuta na mayai ya mjusi kafiri pembeni ya transfoma, wanapenda joto lile. Yatoe taratibu kwa brashi laini. Vile vibati usivipinde wala usivipulizie mafuta, vikisogea kidogo tu vituo vyote vinahama mahali pake.

Sasa kuhusu stereo yenyewe, yaani kushoto na kulia kila upande na sauti yake, hapa ndipo watu wengi hawaelewi na wakielewa lawama nusu zinaisha. Mfumo wa stereo wa FM ulipitishwa Marekani mwaka 1961 na waliweka sharti kwamba redio za mono, zile za sauti moja tu, zilizokuwepo zisiharibike. Kwa hiyo kituo kinarusha kwanza kushoto na kulia vikiwa vimejumlishwa, hiyo ndio mono, kila redio inaipata. Halafu juu zaidi, ambapo sikio la mtu halifiki, kinapandisha ile tofauti kati ya kushoto na kulia kwenye 38 kHz, na katikati kinaweka mlio mdogo wa kuongoza wa 19 kHz. Tyuna ikiusikia ule mlio inawasha taa ya stereo, inauzidisha mara mbili ipate 38, kisha inajumlisha huku na kutoa kule mpaka kushoto kunabaki peke yake na kulia peke yake. Hesabu za darasa la pili, lakini zinafanyika kwenye mawimbi, kwa transista na koili, mimi hadi leo nikifikiria nasisimka.

Shida ni kwamba kelele za FM zinazidi kadiri unavyopanda juu, na ile tofauti inakaa huko huko juu. Kwa hiyo kituo kile kile ambacho kwa mono kinasikika safi kabisa, kwa stereo kinaweza kuja na mvumo kama signo ni dhaifu. Tyuna haijaharibika, inakwambia signo haitoshi. Bonyeza mono mvumo ufe, na kama wanapiga taarabu au dansi za zamani hupotezi kitu maana rekodi nyingi za enzi zile ni mono tangu studio. Ile taa nayo isikudanganye, inawaka kwa sababu ya mlio wa 19 tu, kituo kinaweza kuwa kinarusha mono tupu huku taa imewaka vizuri.

Nirudi kwenye antena. Wimbi la FM lina urefu wa kama mita tatu, kwa hiyo antena inayolifaa ni nusu yake, mita moja na nusu hivi, mikono miwili ya sentimita 70 na kitu kila mmoja. Mirija miwili ya alumini kwenye mlingoti inatosha. Lakini iwe nje na iwe juu, maana nyumba zetu ni za bati na bati linazuia mawimbi, ukitandaza waya chini ya bati sebuleni halafu ukalalamika tyuna haishiki unaionea. Angalia mapaa ya Chumbageni, Makorora, Mabawa, bado kuna antena za TV zimesimama bila kazi tangu analojia izimwe 2013. Zile hazikukatwa kwa saizi ya FM, ila ni bora mara mia kuliko kipande cha waya nyuma ya kabati, na ile waya yake nene inaingia moja kwa moja kwenye tundu lililoandikwa 75 ohm. Kama tyuna yako ina skrubu za 300 ohm tu, tafuta kale kadude kadogo ka kuunganisha 75 na 300 kalikokuwa kanachomekwa nyuma ya TV za zamani, mafundi bado wanako kwenye makopo yao. Ukishapandisha jaribu kuilaza na kuisimamisha, vituo havirushi kwa namna moja.

Na sisi wa Tanga tuna bahati ambayo mtu wa Dodoma hana, tuna bahari mbele. FM kwa kawaida inakwenda mpaka upeo wa macho na kidogo mbele yake, lakini jioni za kaskazi, joto likiwa limetulia juu ya maji, mawimbi yananaswa kwenye tabaka la hewa yanateleza mbali. Pemba haina haja ya kusubiri hali ya hewa, ipo kama kilomita 75 hivi na njia yote ni maji. Ila ikifika jioni kama hizo inaingia Unguja, inaingia Mombasa ambayo ni kama kilomita 130, na wakati mwingine vituo viwili viko kwenye namba moja na tyuna nzuri inamng'ang'ania mwenye nguvu inamfuta mwingine kabisa, halafu baada ya muda wanabadilishana. Redio ya simu hainipi raha hiyo. Bando nalo hainipi, maana pale nachagua mwenyewe nisikie nini, hapa bahari ndio inachagua.

Mita mbili za kupimia usoni mwa tyuna nazo zina maana, sio urembo. Moja inaonesha nguvu ya signo, nyingine ina mshale unaotakiwa kusimama katikati kabisa. Watu wanaikimbilia ya kwanza, mimi nasema tazama ya pili. Signo inaweza kuwa imejaa pomoni na bado sauti za S zikawa zinachanika kwa sababu hujasimama katikati ya kituo.

Kuna mambo mawili ya kununua ambayo lazima niyaseme kwa ukali kidogo kwa sababu yanawaliza watu. La kwanza umeme. Tyuna iliyotengenezwa kwa soko la Japan inakula volti 100, ya Marekani 120, ya kwetu ukutani ni 230. Geuza nyuma usome kabla hujachomeka, nyingine zina swichi ya kuchagua volti, isipokuwepo nunua stepdauni ya kushusha umeme, la sivyo unaunguza transfoma ambayo ndio kitu kigumu kuliko vyote kukipata. La pili masafa. Aliyewahi kununua gari kutoka Japan analijua hili, FM yao ya enzi zile ilianzia 76 ikaishia 90, kwa hiyo hapa utapata kipande cha 88 mpaka 90 basi. Kwenye gari tunafunga ekspanda, kifaa cha kushusha vituo vya juu viingie kwenye masafa yake, tunasonga mbele, lakini kununua tyuna nzuri halafu kuipitishia ekspanda ni kuitia kelele mlangoni, mimi sikushauri hata ikiwa bei ya bure. Za Marekani masafa yake yanakubali, ila nyingi za dijitali zinaruka kwa 0.2 na kutua kwenye namba za witiri tu, 92.3, 92.5, kituo cha 92.4 unakipata kwa kuchungulia. Ya mshale haina shida hiyo, inasimama popote unapoisimamisha.

Fundi ana nafasi yake, sikatai, chumvi ya hewa yetu inakula swichi na viungo, lehemu za zamani zinapasuka, kondensa za umeme zinakauka. Ila nilishaona tyuna imetoka kwa fundi na koili zote zimezungushwa kwa bisibisi ya chuma, eti "anaitafutia FM". Zile koili zimepangwa kiwandani kwa vipimo, na kuzirudisha bila mashine ni kazi ya kubahatisha. Mwambie kabisa kabla hujamwachia: safisha swichi, kagua umeme, lehemu mpya sawa, koili usiguse.

Na ukienda kuinunua beba waya wako wa mita moja na nusu mfukoni, mwombe muuzaji mtoke nayo barazani, iunganishe hapo mbele yake, uone ule mshale wa signo unanyanyuka au haunyanyuki ndio muanze kuongea bei.