Sentimita tatu za binti yangu

Mama wa rafiki yake binti yangu kanitumia ujumbe usiku. Kesho atawapeleka watoto kwenye sherehe ya kuzaliwa, ila ana swali: binti yangu ana urefu wa sentimita ngapi? Nikadhani anataka kumnunulia gauni. Kumbe ni habari ya kiti cha gari. Ana busta moja ya ziada, yaani kiti cha kumwinua mtoto garini, ile ya kukalia tu isiyo na mgongo, nayo imeandikwa ni ya mtoto aliyevuka sentimita 125 na kilo 22. Wangu ana 122. Kwa hiyo, samahani sana, hawezi kumbeba, labda nipeleke busta yetu yenye mgongo nyumbani kwake asubuhi.

Sentimita tatu! Ningemfunga nywele utosini angefika na chenji ingebaki. Nikafyonza, nikanung'unika peke yangu jikoni, asubuhi nikabeba kiti kwapani nikapeleka.

Ndiyo maisha ya hapa Reading. Uingereza mtoto hukaa kwenye kiti chake cha gari mpaka atimize miaka 12 au afike sentimita 135, lolote litakalotangulia. Wengi hufika huo urefu wakikaribia miaka kumi. Ukikamatwa, faini yaweza kufika pauni 500. Upenyo upo, lakini mwembamba: mtoto aliyetimiza miaka 3 anaweza kufungwa mkanda wa kawaida kama kiti hakipo na safari ni ya ghafla, ni ya lazima, na ni ya karibu. Vyote vitatu kwa pamoja. Sherehe yenye kadi iliyotumwa mwezi mzima kabla sio ghafla, na keki sio lazima, ingawa binti yangu atakubishia hapo kwenye keki.

Sasa najua wapo walioanza kucheka. "Wazungu bwana, wanapima watoto kama mbao." Subirini kwanza. Kwetu hatupimi? Konda wa daladala anampima mtoto kwa jicho kabla hujamaliza kupanda ngazi. "Mama, huyo mkubwa, lipa siti au mpakate." Na wewe unajibu ni mdogo, ndiyo kwanza chekechea, huku mtoto mwenyewe anasema kwa sauti yuko darasa la pili. Na kabla ya konda, wazee wetu walipimwaje kuanza shule? Pitisha mkono juu ya kichwa, ukigusa sikio la upande wa pili umekomaa, usipoligusa rudi nyumbani ukachunge mbuzi. Hakuna aliyesema huo ni uzungu. Kupima tunapima. Tofauti ni kwamba cha konda kinatafuta nauli, hiki cha huku kinatafuta mfupa.

Mfupa wenyewe ni nyonga. Mkanda wa gari ulitengenezwa kwa mwili wa mtu mzima: kipande cha chini kikae juu ya mapaja na kushika nyonga, cha juu kipite katikati ya bega kwenye mtulinga. Mtoto mdogo nyonga zake hazijawa na umbo la kuuzuia mkanda usipande. Gari likigonga, mkanda unapanda tumboni, na tumboni kuna utumbo, wengu na ini, na nyuma yake uti wa mgongo. Kile cha juu kinamkata shingoni, kinamkera, anakitupa nyuma ya mgongo. Busta kazi yake ni kumwinua tu ili mkanda uangukie panapotakiwa. Ndiyo maana ukitaka kujua kama anaweza kuiacha, mkalishe bila busta umtazame: mgongo umegusa kiti mpaka chini? Magoti yamekunjika ukingoni, au miguu imenyooka kama ya mwanasesere? Mkanda uko mapajani au tumboni? Na anaweza kukaa hivyo safari nzima bila kuteleza?

Wifi yangu wa Tegeta, ambaye ana gari na ana kiti cha mtoto (mmoja kati ya wachache ninaowajua), aliniuliza swali zuri kuliko yote. Mwanawe ana miaka mitatu na nusu, kilo kumi na sita, kiti chenye mikanda yake ya mabegani kinamchosha, anataka kukaa "kama kaka". Ampe busta? Kwa kilo anatosha, busta nyingi zenye mgongo zimeandikwa kuanzia kilo 15. Nikamwambia bado, wifi. Kile kiti kinamshika mtoto kiwiliwili chote hata akiwa hataki. Kwenye busta anashikwa na mkanda wa gari, na mkanda wa gari unamwachia ainame, ageuke, aokote biskuti sakafuni. Kwa hiyo unampa busta mtoto anayeweza kujishika mwenyewe. Tazama mabega: yamevuka matundu ya juu kabisa ambayo mikanda inatokea? Tazama kibandiko: amevuka kilo au urefu ulioandikwa? Kama bado, mwache humo humo. Kisha tazama tabia, na hapa Dar es Salaam ina mtihani wake kuliko mji wowote wa Uingereza: anaweza kukaa wima, mkanda begani, kutoka Tegeta mpaka Posta kwenye foleni ya asubuhi? Kama akifika Mwenge ameshajifungua, au akifika Morocco amelala ubavu kichwa kiko mlangoni, huyo hajawa tayari, hata kama ana maneno ya mtu mzima. Wengi hawawi tayari kabla ya miaka minne, na wengine hata mitano.

Wifi akasema, "Haya mama Ulaya." Kwa upendo, naamini.

Wengine hawasemi kwa upendo. Nawasikia: umeenda juzi tu, unataka kutufundisha kupakata? Wewe mwenyewe ulikulia kwenye karia ya baiskeli ya baba yako. Kweli, tena nilishika kiti kwa mikono miwili, miguu nimeipanua isiingie kwenye spoku. Lakini baiskeli ya baba haikuwahi kukimbia mia na ishirini kati ya Chalinze na Morogoro ikilipita lori la mafuta. Mwingine atasema Mungu ndiye mlinzi. Amina, na Mungu huyo huyo ndiye aliyeuumba mfupa wa nyonga unachelewa kukomaa. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Sio malaria. Tunanunua chandarua bila kuitana Wazungu.

Na simsemi mama wa daladala. Nirudie, kwa sababu nitasomwa vibaya: simsemi mama anayepanda bodaboda mshikaki na mtoto katikati kwa sababu zahanati iko mbali na pesa ndiyo hiyo. Huyo kiti akiweke wapi? Nakusema wewe mwenye Harrier. Wewe uliyelipa ada ya muhula kwa mamilioni, uliyeweka spika nne nyuma, na mtoto amesimama katikati ya viti viwili vya mbele akichezea redio. Wewe unayevuta mkanda ukimwona trafiki mweupe kwa mbali, ukimpita unauachia. Jumapili unampakata mwanao kwenye usukani aendeshe mpaka getini, unarekodi, unatutumia.

Kisha nisiwape Waingereza sifa zisizo zao. Binti yangu huyu wa sentimita 122 anasimama kwenye basi la mjini, ameshika nguzo, hakuna mkanda, hakuna anayeuliza urefu. Kwenye teksi isiyo na kiti cha mtoto sheria inamruhusu kukaa bila busta, afunge mkanda wa kawaida siti ya nyuma, kana kwamba nyonga zinakomaa ukilipia nauli. Mantiki hiyo wanaijua wenyewe.

Na kuna jambo moja la kwetu sitalibadilisha na viti vyote vya dunia. Ukipanda daladala na mtoto, mtu usiyemjua aliyekaa dirishani ananyoosha mikono: "Mlete huku, nikupakatie." Anampokea kama wake, anamfuta makamasi. Huku mtoto wangu akilia kwenye treni watu wanatazama simu zao. Ile mikono naipenda. Ninachosema ni kwamba gari likigonga kwa kasi ya hamsini hakuna mikono inayomshika mtoto, ya bibi wala ya baunsa, na ukiwa umempakata mbele, mwili wako wewe ndio unaomponda kwenye dashibodi. Sheria yetu ya usalama barabarani ni ya mwaka 1973, siilaumu sana, wakati huo nani alikuwa na habari ya busta? Lakini baba na mama wa leo wanajua, wana simu, na hiyo ya kukalia tu haizidi bei ya kreti chache za soda.

Desemba tunakuja. Busta inakuja nayo, na kaka yangu ameshaanza kunicheka kwamba nitashuka uwanja wa ndege nimebeba kigoda. Acheke. Tunachobishana sasa ni Noah yake. Busta inataka mkanda wa kupita begani, na siti ya katikati ina ule wa kiunoni peke yake, kwa hiyo mtoto atakaa dirishani na bibi yake atasogea. Kaka anasema mama hawezi kusogezwa kwa ajili ya mtoto, dirishani ni pake miaka yote. Na mikanda yenyewe ya nyuma? Ipo, anasema, iko chini ya vile vitambaa vya viti alivyoshonesha Kariakoo. Nimemwambia avifumue kabla hatujatua, na suala la mama na dirisha nitalizungumza naye mwenyewe.